Hesabu Sekunde: Mwongozo wa Kujiokoa na Tsunami

Ukiwa pwani na ardhi ikaanza kutikisika, jikinge kwanza: ingia chini ya meza imara, funika kichwa, kaa mbali na vioo. Hapo hapo, mkono ukiwa umeshika mguu wa meza, anza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Tetemeko dogo huisha kabla mtu hajamaliza kuuliza "nini hicho?" Ukifika 20 na bado kunatikisika, una sababu ya kuondoka ufukweni. Ukifika 60, usimngoje mtu akupe ruhusa.

Hesabu hiyo ina maana yake. Tetemeko ni mwamba unaopasuka, na mpasuko husafiri kwa kasi ya kilomita mbili hadi tatu kwa sekunde. Kwa hiyo muda wa kutikisika unakukadiria urefu wa ufa: sekunde 60 ni kama kilomita 150 za mwamba. Tetemeko la Sumatra, kisiwa cha Indonesia, la tarehe 26 Desemba 2004 lilipasua takriban kilomita 1,300, na mpasuko ulichukua dakika nane hadi kumi kufika mwisho wake. Ni kweli udongo laini hurefusha mtikisiko hata kama ufa ni mfupi, ndiyo maana maabara hazipimi hivyo. Lakini wewe huna maabara, una miguu, na kupanda mlima bure mara moja hakujamwua mtu.

Hatua zifuatazo zimefuata mtiririko wa wakati. Nyingi hufanywa siku ambayo hakuna kinachotikisika.

Hatua ya 1: Elewa kinachotokea chini ya maji

Tafuta beseni la plastiki, lijaze maji nusu, liegeshe juu ya matofali mawili ili chini pabaki uwazi wa kuingiza mkono. Sasa puliza maji kwa mdomo. Viwimbi vinacheza juu, lakini punje ya mchanga iliyolala chini ya beseni haisogei. Hayo ndiyo mawimbi ya upepo, hata yale ya dhoruba. Kisha ingiza mkono chini na uisukume sakafu ya beseni juu kwa kiganja, ghafla. Maji yote yanainuka kwa pamoja, yanakimbilia kingo, yanarudi, yanakwenda tena. Na mchanga umetawanyika. Hiyo ndiyo tsunami: bahari nzima kutoka sakafuni hadi juu imesukumwa.

Kiganja katika bahari halisi ni bamba la gamba la dunia. Kuna sehemu ambako bamba moja linazama polepole chini ya jingine, kwa sentimita chache kwa mwaka, kasi inayolingana na kuota kwa kucha. Linapozama hukwama kwenye bamba la juu na kulivuta ukingo. Bamba la juu linapinda kama upinde: ukingo wake unavutwa chini, na nyuma yake ardhi inatuna. Hali hiyo huweza kudumu mamia ya miaka. Siku upinde ukifyatuka, ukingo unaruka juu na kusukuma maji, na ile sehemu iliyokuwa imetuna inashuka. Kumbuka hilo la kushuka, tutalirudia mwishoni. Kaskazini-mashariki mwa Japani, tarehe 11 Machi 2011, sakafu ya bahari karibu na mpaka wa mabamba ilisogea takriban mita 50 kwa tetemeko moja.

Si kila tetemeko la baharini huzaa tsunami. Mabamba yakisuguana ubavu kwa ubavu, sakafu haiinuki sana na maji hutulia. Nasema "sana" kwa sababu mwaka 2018, mjini Palu, Indonesia, tetemeko la namna hiyo lilileta mawimbi ya kuua ndani ya dakika chache. Maporomoko ya udongo chini ya maji nayo yana uwezo huo. Papua Guinea Mpya mwaka 1998 tetemeko lilikuwa la ukubwa wa 7 tu, lakini mteremko wa bahari uliporomoka na zaidi ya watu 2,000 wakafa.

Kasi yake unaweza kuikokotoa mwenyewe. Chukua kina cha bahari kwa mita, zidisha kwa 10, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kina cha mita 4,000 kinakupa mita 200 kwa sekunde, yaani kilomita 720 kwa saa, mwendo wa ndege ya abiria. Kina cha mita 10 kinakupa mita 10 kwa sekunde, sawa na kilomita 36 kwa saa. Maji yanapokaribia nchi kavu, ya mbele yanapunguza mwendo huku ya nyuma bado yanakuja mbio, yanalundikana na kupanda juu. Huko kilindini haikuonekana kuwa kitu. Mwaka 2004 setilaiti iliyopita juu ya Bahari ya Hindi saa mbili baada ya tetemeko ilipima mwinuko wa sentimita 60 hivi, uliosambaa kwa mamia ya kilomita. Baharia aliyekuwa chomboni hakuhisi lolote.

Watu hungoja ukuta wa maji unaojikunja kama kwenye picha. Mara nyingi haiji hivyo. Anayeijua bahari atanielewa nikisema ni maji kujaa, ila yanajaa kwa dakika kumi badala ya saa sita, na hayajui pa kuishia. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na yamebeba magari, magogo na paa za nyumba. Maji ya mwendo wa kasi yanayofika magotini yanatosha kumwangusha mtu mzima.

Hatua ya 2: Jua uko mbali au karibu

Hapa ndipo watu wengi huchanganya, na ushauri unaofaa upande mmoja huua upande wa pili.

Ukihisi tetemeko, chanzo kiko karibu. Banda Aceh, mji wa kisiwani Sumatra, mwaka 2004 ilikuwa na kama dakika 20 tu. Kwa muda huo king'ora kinaweza kuchelewa, umeme ukakatika, simu zikalemewa. Tetemeko lenyewe ndilo king'ora.

Usipohisi kitu, tsunami bado inaweza kukufikia kutoka ng'ambo ya bahari. Mawimbi yale yale ya 2004 yalifika Sri Lanka baada ya saa mbili hivi na Somalia baada ya saa saba, na huko Somalia yaliua watu wapatao 300 ambao hawakuwa wametikiswa hata kidogo. Tetemeko la Chile la tarehe 22 Mei 1960, la ukubwa wa 9.5, ambalo ndilo kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, liliua watu 61 mjini Hilo, Hawaii, baada ya saa 15, kisha wengine zaidi ya 100 Japani karibu saa 22 tangu ardhi ya Chile itikisike. Kwa tsunami ya mbali, tahadhari rasmi ndiyo macho yako, na muda wa kutosha wa kuondoka kwa utulivu upo.

Hatua ya 3: Zijue ishara, na mitego yake

Ishara ni tatu. Mtikisiko mkali au mrefu. Bahari inayofanya kituko: kupwa ghafla saa isiyo yake, kujaa ghafla, au kuchemka kwa namna isiyo ya kawaida. Na ngurumo kutoka baharini, kama gari moshi au ndege. Moja tu inatosha. Usizikusanye.

Mtego wa kwanza ni kusubiri maji yapwe. Mwaka 2004 upande wa Thailand bahari ilirudi nyuma kwanza, samaki wakabaki wakitapatapa mchangani na watu wakashuka kuwaokota. Upande wa Sri Lanka na India, maji yalianza kwa kupanda. Sababu ni ule upinde: mashariki ya ufa sakafu ilishuka, magharibi iliinuka. Kwa hiyo asiyeona maji yakipwa hajahakikishiwa chochote.

Mtego wa pili ni tetemeko la polepole. Mwaka 1896, pwani ya Sanriku, Japani, watu walihisi mtikisiko mwororo tu, wa muda mrefu, usiotisha. Karibu watu 22,000 walikufa na maji yaliyofuata. Ufa wa namna hiyo hupasuka taratibu, hauitikisi nyumba, lakini maji unayasukuma vile vile. Ndiyo maana nasisitiza kuhesabu kuliko kupima ukali.

Mtego wa tatu hauna dawa nzuri: tsunami isiyo na tetemeko la kuhisiwa. Tarehe 22 Desemba 2018 ubavu wa volkano ya Anak Krakatau uliporomokea baharini usiku na kuua zaidi ya watu 400. Karibu na volkano ya kisiwani, ngurumo na bahari yenyewe ndivyo vya kutegemea.

Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kiko karibu kabisa na ulikoanzia mpasuko wa 2004. Kilikuwa na watu wapatao 78,000. Waliokufa kwa tsunami ni saba. Hawakuwa na king'ora wala boya la kupima bahari. Walikuwa na neno moja, *smong*, lililobaki tangu tsunami ya 1907 na kupokezwa watoto kwa hadithi na nyimbo: ardhi ikitikisika kwa nguvu, bahari ikipwa, kimbilia mlimani.

Hatua ya 4: Chagua njia, kisha itembee

Miongozo mingi hutaja kimo cha mita 30 juu ya usawa wa bahari au umbali wa kilomita 3 kutoka ufukweni. Zichukue namba hizo kama shabaha tu. Kama ramani rasmi ya eneo lako inasema vingine, ifuate ramani. Kimo ni bora kuliko umbali. Kando ya mto hesabu umbali kwa uangalifu zaidi, maana tsunami hupanda mto kama barabara iliyosafishwa.

Sasa vaa viatu, chukua simu yenye saa ya kupima muda, na uende pamoja na mtu mwenye mwendo wa polepole kuliko wote nyumbani. Usiende na kijana. Nenda na bibi, au na mtoto wa miaka minne anayesimama kuangalia kila sisimizi. Tuseme kilima kiko mita 900. Bibi anatembea mita 0.8 kwa sekunde. Hiyo ni sekunde 1,125, karibu dakika 19. Ongeza dakika mbili za kutikisika na tatu za kutafuta funguo na kubishana. Umefika dakika 24, na Banda Aceh walikuwa na 20. Jibu umelipata kabla ya siku yenyewe: njia hiyo haifai, au bibi anahitaji kiti cha magurudumu, au mnahitaji jengo refu lililo karibu zaidi.

Rudia safari hiyo usiku bila taa za barabarani. Angalia madaraja, kuta zinazoweza kuanguka, mageti yanayofungwa kwa kufuli. Geti moja lenye kufuli linafuta mpango mzima.

Jengo linafaa kama ni la zege lenye nondo, imara, na unaweza kupanda ghorofa ya tatu au juu zaidi. Kama hakuna kilima wala muda, jengo hilo ndilo chaguo lako. Gari liache. Barabara huziba ndani ya dakika chache, na maji ya chini ya mita moja yanatosha kulielesha na kulibeba.

Hatua ya 5: Wekeaneni ahadi

Huko Sanriku wana neno *tendenko*, maana yake kila mmoja peke yake. Linasikika la kikatili, lakini maana yake halisi ni ahadi: baba hatakwenda shuleni kumtafuta mtoto kwa sababu anajua mtoto ameshapanda, na mtoto hatamngoja baba. Wengi waliokufa katika tsunami za pwani hiyo walikuwa wakirudi kutafutana.

Mjini Kamaishi, mwaka 2011, wanafunzi walikuwa wamefunzwa hivyo kwa miaka. Wa sekondari walitoka mbio bila kungoja amri, wale wa shule ya msingi jirani wakawafuata, wakubwa wakiwashika wadogo mikono. Walifika mahali palipopangwa, wakaona mwamba wa nyuma unamomonyoka, wakapanda zaidi. Halafu wakapanda tena. Mahali pa kwanza palifunikwa na maji. Karibu wanafunzi wote 3,000 wa mji huo waliokoka. Siku hiyo hiyo, katika shule nyingine ya pwani hiyo, watoto walikusanywa uwanjani karibu dakika 50 watu wazima wakijadiliana waende wapi, na kilima kilikuwa nyuma ya shule. Wanafunzi 74 na walimu 10 walifariki au kupotea.

Kaeni chini nyumbani, kubalianeni mahali pa kukutana *baada ya* kuokoka, mahali pamoja palipo juu. Muulizeni mwalimu mkuu watoto watapelekwa wapi. Jibu likiwa "uwanjani", kikao bado hakijaisha.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Jikinge, hesabu, viatu, ondoka. Piga kelele ukipita ili majirani wakufuate, maana watu hukimbia wanapoona wengine wanakimbia. Begi la dharura libebe kama liko mlangoni. Kama liko kabatini, liache. Ukifika pa kukimbilia na bado kuna pa juu zaidi, endelea kupanda.

Ukiwa kwenye chombo baharini mbali na nchi, baki huko na uelekee maji ya kina kirefu, mita 200 au zaidi. Ukiwa bandarini na umehisi tetemeko, acha chombo kilipo, panda nchi kavu. Maji yakikukuta, usishindane nayo. Kamata kinachoelea, nyanyua miguu, tafuta kitu cha kupanda.

Hatua ya 7: Sikiliza tahadhari ukijua inavyopatikana

Vituo vya tahadhari hupata kwanza mawimbi ya tetemeko yanayopita ardhini kwa kasi kuliko maji, na kwa dakika chache vinakadiria mahali na ukubwa. Ikiwa tsunami imezaliwa au la, hilo husubiri vipimo vya bahari yenyewe: vipima mgandamizo vilivyolazwa sakafuni, vinavyoweza kutambua badiliko la sentimita moja chini ya kilomita kadhaa za maji, na kutuma habari kwa sauti hadi kwenye boya, kisha setilaiti. Bahari ya Pasifiki ina kituo Hawaii tangu 1949. Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wake mwaka 2004. Sasa Australia, India na Indonesia hutoa taarifa kwa nchi za eneo hilo.

Udhaifu uko kwenye makadirio ya kwanza. Tetemeko kubwa mno huzidi uwezo wa vipimo vya haraka. Mwaka 2011 tahadhari ya Japani ilitoka ndani ya dakika tatu, jambo la kusifiwa, lakini ilikadiria ukubwa wa 7.9 na mawimbi ya mita 3 kwa pwani ya mkoa wa Iwate. Tetemeko lilikuwa la 9.0, na mahali fulani Iwate maji yalipanda karibu mita 40. Kufikia marekebisho, umeme ulikuwa umekatika na wengi hawakuyasikia. Waliosikia "mita 3" waliwaza ukuta wa bahari wenye kimo cha kuzidi hapo, wakabaki. Tangu 2013, kwa matetemeko makubwa sana, Japani huanza na neno la kuonya kwamba mawimbi ni makubwa kupindukia, bila namba. Nakubaliana nao kabisa. Ukisikia namba, ichukulie kama kiwango cha chini.

Hatua ya 8: Kama una kauli katika ujenzi

Mikoko na matumbawe hupunguza nguvu ya mawimbi madogo na ya wastani, na yana faida nyingine mia, lakini usimwambie mtu abaki nyuma ya mikoko. Kuta za bahari zina sifa mchanganyiko. Kamaishi ilikuwa na kizuizi kilichojengwa kwenye kina cha mita 63, kina kikubwa kuliko cha kizuizi kingine chochote duniani, na kilivunjika. Kijiji cha Fudai, huko huko Japani, kilikuwa na lango la mita 15.5, lililochekwa kuwa ni upotevu wa fedha, na liliokoa kijiji.

Cha bei nafuu kuliko vyote ni mahali pa kujenga. Huko Aneyoshi, Japani, kuna jiwe, lililowekwa baada ya tsunami ya 1933, linalokataza kujenga nyumba chini yake. Mwaka 2011 maji yaliishia chini ya jiwe hilo, hayakulifikia. Bandari na magulio yabaki chini. Shule, hospitali na nyumba za kulala ziwe juu.

Hatua ya 9: Usishuke

Wimbi la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote. Mjini Crescent City, Marekani, mwaka 1964, watu walishuka kusafisha maduka baada ya mawimbi ya mwanzo. La nne ndilo lililowaua. Kati ya wimbi na wimbi huweza kupita dakika 10 au saa nzima, na bahari huendelea kuchafuka saa nyingi. Kaa juu hadi mamlaka itangaze kuwa hatari imekwisha. Kimya cha dakika 40 si tangazo.

Ukirudi, usiguse nyaya zilizoanguka, na visima vichukulie kuwa vimeingia chumvi na uchafu hadi vipimwe. Kisha angalia usawa wa bahari. Ile ardhi iliyokuwa imetuna kwa mamia ya miaka imeshuka, na haitarudi juu kesho. Baada ya 2011, sehemu za mji wa Ishinomaki, Japani, zilishuka kwa takriban mita moja, na mitaa iliyokuwa mikavu ikawa inaingia maji kila bahari inapojaa. Kabla ya kurudisha magodoro ndani, subiri bamvua ijayo uone maji yanafika wapi.